Vivuli vya Itundu Vyataka Treni

Barabara ya Soko ilikuwa tupu, na hilo ndilo lililomtia Tusa hasira.

Alisimama dirishani, ghorofa ya tatu ya Jengo la Jiji, kikombe cha chai kikimpoea mkononi, akaitazama barabara kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja alikuwa anapanga ndizi mezani. Mbuzi wawili walivuka bila kuangalia kushoto wala kulia, na hakuna aliyewapigia honi kwa kuwa hakukuwa na wa kupiga. Lakini nyuma yake, kwenye ukuta wa kioo ulioonyesha Mizani, barabara hiyohiyo ilikuwa imefurika. Nukta za watu zilibanana kuanzia Stendi hadi daraja la Bondeni, nyekundu tupu, na juu yake yalikaa maneno makubwa: Itundu imevuka mstari wa haja ya usafiri. Jiji hili linahitaji reli ya chini ya ardhi.

"Linahitaji nini, jamani?" Tusa aliuliza kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Itundu lilikuwa jiji la wastani, lile la kujisifu kuwa jiji siku za sherehe na kujisahau siku nyingine zote. Mtu angeweza kubandika maharage jikoni kwake Stendi, akaenda kwa miguu Bondeni kumjulia hali shangazi yake, akanywa chai huko, akarudi, na akayakuta maharage bado magumu. Jiji la namna hiyo kuchimbiwa treni chini ya ardhi! Hata mtoto wa chekechea angecheka. Ila Mizani haikucheka, na Mizani ndiyo iliyosikilizwa.

Kila mkazi wa Itundu alikuwa na kivuli chake ndani ya Mizani. Kivuli kilitengenezwa kutokana na simu ya mtu, manunuzi yake, na mageti aliyopita, hata kikawa kinaamka anapoamka yeye na kukasirika pale ambapo yeye angekasirika. Baraza la Jiji likitaka kujua jambo, halikuitisha mkutano. Liliuliza vivuli, navyo vikapiga kura, na kura hiyo ilikuwa sheria. Mwanzoni watu walishangilia, kwa sababu vivuli havihongwi pilau wala fulana. Baadaye wakazoea kutoulizwa, na walipokuja kushtuka hakukuwa tena na mahali pa kusemea.

Tusa, yaani Injinia Tusajigwe Mwakalobo, alikuwa mtunza vivuli. Ni sauti yake peke yake iliyofungua Mizani na kuithibitisha mbele ya Baraza.

Meya Nyalusi aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake, koti limepigwa pasi hadi linang'aa.

"Injinia, za asubuhi?"

"Nzuri, Mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Baraza linakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Sihitaji hotuba. Nahitaji sauti yako tu, useme Mizani iko sawa. Fuko ameshafika Bondeni, wenye mtambo wanasubiri ruhusa."

Fuko ndilo jina watu walilolipa dude la kuchimbia, chuma kirefu kupita safu nzima ya maduka, lenye mdomo wa meno ya kuzunguka. Lilikuwa limelala ukingoni mwa Bondeni, na mahali litakapoingilia ardhini palikuwa pameshawekwa alama ya rangi ya chungwa. Alama hiyo ilipita katikati ya mlango wa Mama Lusajo, mama mkwe wake Tusa. Nyumba yake ndiyo ingekuwa ya kwanza kuvunjwa, na baada yake Bondeni yote.

"Mheshimiwa, njoo dirishani uione barabara."

"Mimi naangalia ukuta, Injinia. Dirishani mtu huona anachotaka kuona."

"Ila hapa hakuna foleni! Huo umati uko wapi?"

"Miji yote ya rika letu inachimba," Meya alisema, akiwa ameshaelekea mlangoni. "Sisi tubaki tunapanda bajaji hadi lini? Ijumaa, Injinia."

Tusa alirudi mezani kwake. Alivaa miwani ya kuingilia Mizani, akataja jina lake, akashuka.

Ndani ya Mizani hakuna harufu wala baridi, ndiyo maana hakupenda kukaa humo. Alijikuta amesimama kwenye daraja la Bondeni, na kweli, watu walikuwa tele. Walisukumana, walitazama saa, walisonya. Utaratibu wa kazi ulimruhusu kugusa kivuli begani ili kijitaje, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kwa miaka, maana nani ana muda wa kuwauliza majina watu laki tatu? Alimgusa wa kwanza, mwanamume mfupi mwenye mkoba wa ngozi.

"Ambakisye Mwalwisi, mwalimu," kivuli kilisema.

Tusa aliondoa mkono kama ameshika sufuria ya moto. Mwalimu Ambakisye alimfundisha hesabu darasa la sita, na alikufa mwaka wa homa.

Alimgusa mwanamke aliyekuwa jirani yake. Muuza mitumba wa Sokoni, alikufa mwaka wa homa. Akamgusa kijana mwenye kofia ya kondakta, akamgusa bibi mwenye kikapu, akaendelea hivyo, na kila aliyemgusa alikuwa maiti. Hakukuwa na watu hai kwenye ile foleni ila wachache waliojikuta katikati yake, ambao vivuli vyao vilichelewa kazini kwa sababu ya wafu, vikakasirika, vikapiga kura ya treni. Na wafu nao walipiga kura ya treni, kwa kuwa walibanwa na wafu wenzao.

Mwishoni mwa daraja alimwona Lusajo. Alikuwa amebeba begi lake la vifaa vya umeme begani, kamba moja imekatika na kufungwa kwa waya, vilevile kama alivyoliacha. Alitazama saa, akatikisa kichwa kwa ile namna yake ya kutopenda kuchelewa, akasogea hatua moja mbele.

Tusa hakumgusa mumewe. Alivua miwani, akalia kidogo, kisha hasira ikayashinda machozi.

Alijua kilichotokea, na ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba kilitokana na heshima. Zamani, Mizani ilipokuwa mpya, ofisa mmoja alifuta kivuli cha marehemu siku ileile ya kifo, maiti bado iko ndani. Waombolezaji waliposikia waliacha msiba, wakapanda Jengo la Jiji na fimbo. Tangu hapo ikapitishwa kwamba kivuli hakifutwi na daktari wala kompyuta. Kinafutwa siku familia inapokuja kwenye dirisha la huduma la Jengo la Jiji kusema tanga limeanuliwa, msiba umekwisha, marehemu aachwe apumzike. Watu wa Itundu waliipenda sheria hiyo. Kisha ikaja homa. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, maiti zikazikwa mlimani na watu waliovaa mavazi meupe, na katika jiji zima hakuna nyumba iliyoruhusiwa kukaa matanga. Tanga ambalo halikukaliwa mtu ataanuaje? Hakuna aliyekuja dirishani. Hata Tusa mwenyewe, aliyekaa upande wa pili wa dirisha hilo, hakuja.

Alipanda ngazi hadi ofisi ya Meya, mbili mbili.

"Ni wafu," alisema hata kabla hajakaa. "Foleni yote ile ni watu waliokufa kwa homa. Treni unamchimbia nani, Mheshimiwa?"

Meya alifunga mlango taratibu. Hakushtuka. Tusa aliuona uso wake usivyoshtuka, na damu ikamchemka.

"Ulijua."

"Nilijua sheria, Injinia. Sheria inasema mtu ni mkazi mpaka tanga lake lianuliwe. Sikuitunga mimi."

"Watu hai wenye nyumba watafukuzwa kwa ajili ya wasafiri ambao hawapo!"

"Punguza sauti. Unajua jiji linavyopata reli? Linathibitisha haja. Tungesubiri haja ya walio hai, wajukuu zetu wangezeeka wakisubiri. Wale watu walikufa bure, bila faida kwa mtu yeyote. Wacha basi watuletee kitu."

Tusa alimtazama mtu huyu aliyepokea shikamoo yake kila asubuhi, akajisikia aibu kwa shikamoo zote zile.

"Mume wangu yumo," alisema.

"Pole sana. Basi mfute." Meya aliketi, akavuta kiti mbele. "Si una ufunguo? Sema neno moja, wafute wote leo hii. Mstari utashuka, Bondeni itapona, utakuwa shujaa. Halafu utoke nje uwaambie watu kwamba umewafuta wafu wao bila kuwauliza. Waliwahi kuchukuliwa mara moja bila kuulizwa, wanakumbuka. Nenda, mimi sikuzuii."

Alikuwa mshenzi, lakini hakuwa mjinga. Tusa alirudi mezani kwake, akafungua mahali pa amri, akakaa na lile neno moja mdomoni. Angelisema, nyumba ya mama mkwe wake ingebaki. Angelisema, angekuwa amefanya kilekile walichofanya wale wa mavazi meupe, ila mara hii kwa sauti yake mwenyewe. Alizima mashine kwa kofi, akachukua sweta, akashuka kwenda Bondeni kwa miguu. Hakukutana na foleni yoyote njiani.

Mama Lusajo alikuwa uani anamenya viazi, kanga mbili zimemkaa kiunoni, ukungu wa asubuhi haujaondoka bado.

"Karibu, mkamwana. Mbona uso huo?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Umekula?"

Tusa hakukaa. "Mama, nimekuja kuomba tuanue tanga la Lusajo."

Kisu kilisimama. "Tanga lipi?"

"La Lusajo, Mama."

"Nakuuliza, tanga lipi? Nani alikaa matanga hapa? Walikuja wamevaa kama walina asali, wakamfunga mwanangu kwenye nailoni, wakaniambia nikae ndani na mlango wangu niufunge. Sikumwosha. Sikumlilia na watu. Hakuna mwanamume aliyekoka moto hapo nje hata mara moja. Leo mkamwana wangu ananiambia nianue. Nianue nini, Tusa? Nikuulize wewe uliyesoma."

"Mama, Baraza likipitisha treni Ijumaa ya wiki ijayo, nyumba hii wanaivunja."

"Waivunje!" Bibi alirusha kiazi kwenye ndoo, maji yakaruka. "Walishavunja mengine."

Tusa alieleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, maneno ya kazini yakimtoka na yeye akiyarudia kwa maneno ya nyumbani: kwamba kila mtu ana kivuli mle, kwamba wa homa hawakufutwa, kwamba wamejazana barabarani na ndio wanaolitia jiji haja ya treni. Mama Lusajo alisikiliza huku anamenya. Kisha akauliza jambo ambalo Tusa hakulitarajia.

"Mwanangu yuko humo? Umemwona?"

"Nimemwona leo, Mama."

"Anafanya nini?"

"Anakwenda kazini. Amebeba begi lake. Anakwama kwenye foleni, anachelewa."

"Na jioni?"

"Anarudi. Asubuhi anaanza tena."

"Hapumziki?"

"Hapumziki, Mama."

Mama Lusajo aliweka kisu chini. Tusa alidhani atalia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kupigana.

"Yaani tangu siku ile mnamtembeza mwanangu barabarani? Hamkuniachia nimzike, na mlipomzika mkamwamsha aende kazini?" Alisimama, viazi vikamwagika. "Na wewe ungeweza kumtoa humo?"

"Ningeweza. Kwa neno moja."

"Kwa nini hukumtoa?"

"Kwa sababu si wangu peke yangu."

Bibi alifungua kanga moja, akaikaza upya kiunoni kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo.

"Haya. Tutaanza mwanzo," alisema. "Kuanua bila kukaa ni uhuni. Nenda kaniitie mama Ambakisye, mwambie Lusajo amefariki. Na wa kwake pia."

Akatoka hadi barabarani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukunga.

Bondeni yote ilisikia. Kwanza watu walitoka wakadhani bibi amepatwa na jambo jipya. Walipoelewa, hakuna aliyecheka. Mwanamke wa nyumba ya pili alijibu ukunga kwa ajili ya binti yake, na wa nyumba ya nne kwa ajili ya mume, na kilio kikapanda kilima kama moto wa kiangazi. Kufikia kesho yake mikeka ilikuwa imetandikwa kila uani, masufuria makubwa yameazimwa kutoka makanisani na misikitini, wanaume wamekoka moto nje na kukaa kuuzunguka. Watu walikuja kutoka mitaa yote kwa miguu, wakilia vifo ambavyo walikuwa wamevimeza kwa miaka. Wengine walilia kwa hasira tupu. Tusa alilala chini na wanawake wengine, akamlilia mumewe kwa sauti hadi koo likakauka, akashangaa jinsi alivyokuwa na kiu ya kufanya hivyo.

Siku ya pili kiongozi wa wachimbaji alifika na vijana wake kupima mlango wa Mama Lusajo. Alikuwa mtu mzima, mgeni kutoka mikoa ya mbali. Aliona mikeka, akaona moto, akavua kofia ngumu.

"Poleni jamani. Wanaume wanakaa wapi?" aliuliza, na walipomwonyesha akaenda akakaa.

Simu yake ililia. Waliokuwa karibu walisikia sauti ya Meya ikipayuka humo ndani.

"Mheshimiwa, hapa kuna msiba," yule bwana alisema.

Sauti ilipayuka tena.

"Nimeelewa, Mheshimiwa, ni wa zamani. Ila mimi umenifikia leo." Akaizima simu, akapokea sahani ya wali.

Tanga lilipoanuliwa, mikeka ikakung'utwa, familia zilipanda hadi Jengo la Jiji. Tusa alikaa dirishani mwenyewe. Mashine ingeweza kuyapokea majina yote kwa mkupuo mmoja, lakini alikataa. Kila familia ilisema jina la mtu wake kwa mdomo, naye akarudia jina hilo, kisha akafuta. Wengine waliomba wasubiri kidogo, akawasubiri. Mzee mmoja alikataa katakata, akasema mke wake abaki mle mle na treni ichimbwe kama ni kuchimbwa, na Tusa akamwambia sawa, mzee wangu, na hakumgusa.

Mama Lusajo alikuja kati ya wengine, hakutaka kutangulizwa. "Lusajo Mwakalobo," alisema. "Tanga limeanuliwa."

Tusa alifungua mdomo na jina halikutoka. Alijua kwamba wakati huo mumewe yuko kwenye daraja, anatazama saa. Alijua pia kwamba asingemwona tena mahali popote, hata pale pa uongo. Alimchukia Meya kwa kumfikisha hapo, akamchukia na yule aliyebuni vivuli. Mama mkwe wake hakumhimiza. Aliweka tu mkono wake juu ya ubao wa dirisha, na Tusa akaushika, akalitaja jina.

Ijumaa ukumbi wa Baraza ulijaa hadi kwenye ngazi. Mizani iliwashwa ukutani, na Barabara ya Soko ikatokea kama ilivyo: mama na ndizi zake, bajaji kadhaa, watu wanatembea. Maneno makubwa hayakuwepo. Haja ilikuwa imeshuka chini ya mstari, tena mbali.

Meya Nyalusi aliinuka, jasho likimtoka kwenye kola.

"Injinia, hawa watu wameenda wapi?"

"Wamekufa, Mheshimiwa."

"Warudishe. Nakala zipo, najua zipo."

"Zipo," Tusa alisema. Hakumwita Mheshimiwa mara hii. "Sheria ileile uliyoninukulia. Kivuli hakiondoki wala hakirudi bila kauli ya familia. Waulize wenyewe, wamekaa hapo."

Wajumbe waligeuka kutazama jukwaa la wananchi, mahali ambapo kwa miaka mingi hapakuwa na mtu. Meya aliwaangalia, akalainisha uso, akamchagua bibi wa kanga mbili aliyekuwa safu ya mbele.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ya upole aliyoitumia kwenye kampeni, "mwanao alikuwa mchapakazi. Turuhusu tu arudi kwa muda mfupi, kwa faida ya jiji. Kituo cha kwanza cha treni tutakipa jina lake. Unasemaje?"

Mama Lusajo alisimama. Hakuwa na haraka.

"Mlipomchukua hamkuniuliza," alisema. "Mlipomzika hamkuniuliza. Mlipomwamsha na kumpigisha kura hamkuniuliza, na nyumba yangu mkaipaka rangi bila kuniuliza. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa ofisi hii kuniuliza kitu, baba, na nimefurahi."

Meya alitabasamu.

"Hapana," alisema Mama Lusajo, akakaa.